Maji mengine utaniletea wewe?

Swaleh kaposa (hatimaye!), mkataba wangu kazini umerefushwa, na mama karudi salama kutoka Lamu. Hayo nitayasimulia siku nyingine. Leo nina donge la Bi Zuhura, yuleyule wa kaimati.

Mnakijua kile kikasha chetu cha kupimia risasi kwenye maji, risasi ile metali ya sumu, si ya bunduki. Jumatatu nilikipeleka Mji wa Kale, na kwa kuwa kisima kiko uani kwake, nikaanzia kwake. Shikamoo, marahaba, mama hajambo, kahawa. Akavuta kigoda akawa ananitazama nikitia matone mekundu kwenye vichupa.

"Nini hiyo?"

"Dhahabu, bibi. Chembe zake ndogo mno, nanomita kumi na tatu hivi, yaani mita uigawe mara bilioni, uchukue vipande kumi na tatu. Zikikaa mbalimbali maji ni mekundu. Zikishikana yanageuka buluu. Tumezipaka kitu cha kunasa risasi, kwa hiyo risasi ikiwamo, inazishikanisha."

"Mimi maji yangu nachemsha."

Nikamwambia kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu, lakini risasi haiendi popote. Maji yakipungua kwa mvuke, yanayobaki ndiyo yanazidi kukolea. Hapo akaweka kikombe chini.

"Haya. Hicho kikasha kikikwambia yana sumu, maji mengine utaniletea wewe?"

"Tutaandika ripoti, bibi."

"Ripoti. Wale wa Owino Uhuru walipimwa hadi damu, mwanangu." Alikuwa anasema mtaa ule wa Mikindani, hapa Mombasa, uliotiwa sumu ya risasi na kiwanda.

Tutaandika ripoti! Jibu gani hilo la kumpa mtu mzima anayenunua maji ya mkokoteni mtungi kwa mtungi, na ya kupikia anachota kisimani? Tangu siku hiyo namjibu kichwani. Nikikosha vyombo namjibu. Kwenye matatu, pale foleni ya daraja la Nyali, nilimjibu vizuri sana: bibi, wale wa Mikindani kiwanda cha kuyeyusha betri kilifungwa 2014, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Fidia hiyo ikatenguliwa kwenye rufaa, na 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Bila vipimo wangesimama mbele ya jaji na nini? Jibu zuri. Ila hata kwenye matatu nilimsikia: "Miaka yote hiyo walikuwa wanakunywa nini?"

Kinachoniuma ni kwamba hakusema kwa ubaya. Alisema kama anayeuliza bei ya nazi.

Na hakuishia hapo. Kichupa kikageuka buluu mbele ya macho yake, buluu ya kukolea, hata kabla sijakiingiza kwenye kikasha. Akanitazama. Lakini mimi nilikuwa na kichupa cha pili, chenye dhahabu isiyopakwa kinasa risasi, na hicho nacho kilikuwa buluu vilevile. Nikamwambia buluu hii si ushahidi wa risasi, bibi, hii ni chumvi. Maji ya visima vya kisiwani yana chumvi, na chumvi peke yake inatosha kuzishikanisha chembe.

"Kumbe kikasha chako hakijui chumvi na sumu?"

Hili la pili nililiweka kando siku tatu nzima kwa sababu la kwanza lilikuwa linawasha zaidi. Jana usiku likanirudia nikacheka peke yangu jikoni, maana Bi Zuhura, kwenye kigoda chake, ndiye aliyeshika pabaya penyewe. Kuona mwanga si kazi. Chembe zikiwa mbalimbali zinameza mwanga wa kijani, wenye mawimbi ya urefu wa karibu nanomita 520. Zikishikana zinaanza kumeza ule wa kuelekea wekundu. Kikasha kina taa mbili na jicho moja, kinalinganisha, basi. Kazi ni kukifanya kijali risasi tu ndani ya maji yaliyojaa vitu vingine maelfu kwa maelfu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita. Mtungi wa lita 20 ukiwa na mikrogramu 200, yaani kama sehemu ya mia tu ya uzito wa punje ya mchele, umeshafika ukingoni. Ukiyazimua maji ili kupunguza chumvi, umeizimua na risasi. Kwa hiyo ama uyapitishe kwanza kwenye kichujio kinachoshika risasi na kuiachia chumvi, ama uivishe dhahabu koti lisiloshtuliwa na chumvi. Nimeamka alfajiri nikachora hilo la kichujio nyuma ya daftari la Faiza la hesabu. Sijawa na hamu hivi na kazi yangu tangu mwaka uanze.

Sampuli yake nimeipeleka kwenye mashine kubwa, majibu bado. Yakija nitakwenda mwenyewe, na swali la kwanza bado sina jibu lake. Nitabeba mahamri.

Lingine. Baba Faiza anazungumzia kuuza pikipiki anunue tuktuk, na kila nikimuuliza bei ananiuliza chakula kimeiva. Leo nikitafuta kibiriti nimekuta fomu ya mkopo wa sacco kwenye droo ya soksi zake, na pale pa mdhamini limeandikwa jina langu.