Mvumo wa Hilux: wiki ya tatu

Nimekwisha kubadilishana matairi ya mbele na ya nyuma, kisha nikaweka beringi mpya za magurudumu ya nyuma, lakini kila mwendo unapopita kilomita 70 kwa saa sakafu bado hutetemeka na mvumo mzito hujaa ndani ya gari. Fundi alishauri difu, yaani kasha la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma, ifunguliwe. Nilisita, kwa sababu mpangilio wa krauni na pinioni (gia kubwa na gia ndogo zilizo ndani yake) ukishavurugwa, kuurudisha ni kazi ya vipimo vidogo mno.

Jumamosi niliamua kuhesabu kabla ya kugusa spana. Nilichora chaki kwenye tairi, nikalisukuma gari mpaka alama ikarudi chini, nikapata mita 2.2. Kwa kilomita 80 kwa saa, basi, gurudumu huzunguka takriban mara 10 kwa sekunde. Na kwa kuwa krauni ya gari hili ina meno 41 na pinioni 10, propela shafti, mhimili unaopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu, huzunguka zaidi kidogo ya mara 41. Kelele ya meno ya difu ingekuwa na mitetemo zaidi ya 400 kwa sekunde, mlio mwembamba kama wa mbu sikioni. Simu niliyoilaza sakafuni, yenye programu ya kupima sauti, ilionyesha kilele kwenye 83, yaani mara mbili ya mzunguko wa shafti. Hiyo ni tabia ya krosi, kiungo cha ncha ya shafti kinachoiruhusu kukaa kwa pembe: ikifanya kazi kwa pembe huharakisha na kupunguza kasi ya shafti mara mbili katika kila mzunguko, na krosi ya pili huisawazisha tofauti hiyo pale tu uma mbili za shafti (vishikio vya krosi katika ncha zake) zinapolala katika mstari mmoja.

Jumapili niliingia uvunguni. Kwenye kofia ya krosi ya nyuma palikuwa na unga mwekundu wa kutu, na nilipoitoa, ukucha wangu ulikwama katika vifereji vilivyochimbwa na sindano za beringi. Lililonisikitisha zaidi ni kuona kwamba aliyewahi kuifungua shafti hiyo aliirudisha bila kuweka alama, na uma zilikuwa zimepishana kwa meno mawili ya maungio ya shafti.

Nimefunga krosi mpya, nimezipanga uma sawasawa, nimetia grisi. Leo nimefika kilomita 100 kwa saa na sakafu imetulia kabisa. Kimebaki kishindo kimoja kifupi ninapotia rivasi. Jumamosi ijayo nitakagua raba za kushikilia giaboksi.