Chukudu kwenye mduara: ninavyozungumza na wanafunzi waliokwama, hapa Goma

Mwanafunzi aliyepata alama chini ya asilimia 50 ukimwuliza shida yake mbele ya wenzake, atakujibu "nitajikaza", na kikao kimekwisha. Kwa hiyo simwulizi habari zake. Namwuliza habari za chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, na kwa mfano huo anaeleza masomo yake.

Nachukua wanafunzi sita hadi wanane wa madarasa yanayokaribiana, dakika 50, mara moja kwa juma. Wakizidi hapo, wawili watatu ndio husema na wengine hukaa tu. Viti mduara, meza pembeni. Masharti kwanza: hakuna kucheka mchoro wa mwenzako, yanayosemwa hayatoki nje, na karatasi zinabaki kwangu, mchoro wa mtu usije ukawa jina lake la utani uwanjani.

Kila mmoja anachora chukudu inayoshuka kutoka Kibumba, kaskazini mwa Goma, na makala (makaa ya kupikia): magurudumu, usukani, breki, mzigo, barabara. Dakika kumi zinatosha. Ukiwaachia zaidi wanashindana kwa urembo. Kisha maswali, nayo hayatoki nje ya mchoro. Kimepakiwa nini? Nani alikipakia? Kipi kinaweza kushushwa? Gurudumu gani linakwama, na linakwama wapi? Uko mteremkoni au unasukuma kupanda? Nani yuko nyuma? Hapo hesabu, minervali (karo ya shule) isiyolipwa, na kazi za nyumbani zinazokula jioni yote hujitokeza zenyewe, maana mtoto anaeleza chombo, hajishitaki.

Linaloharibu zaidi ni mwongozaji kujifanya mfasiri: "Kumbe mzigo ni baba yako!" Mtoto anafunga mdomo. Shika maneno yake yaleyale. Akisema gunia limeinama, uliza limeinamia upande gani, usimwambie ameelemewa.

Wasichana wengi hawajawahi kuendesha chukudu. Anayetaka achore bido (dumu la maji) la lita 20 na njia ya kutoka bombani, kwani mfano ambao mwili hauujui hauzai kitu. Lava siitumii kabisa. Nyiragongo, mlima wa volkano ulio jirani na mji, ulilipuka 2002, ukalipuka tena 2021, na kwenye mduara huenda yumo aliyepoteza nyumba.

Dakika 15 za mwisho ni za kutoka kwenye mchoro, na ndizo waongozaji wengi huziruka. Kila mmoja anachagua kitu kimoja cha kubadilisha kwenye chukudu yake, halafu anakisema kwa lugha ya shule, chenye siku na saa: "Jumanne saa tisa, mazoezi matano ya aljebra pamoja na jirani yangu wa benchi." "Nitasoma sana" naikataa. Juma linalofuata anafungua karatasi ileile, anafuta au anaongeza.

Mtoto akitaja kupigwa, kubakwa au kutaka kufa, mfano unaishia hapo. Namwona peke yake siku hiyohiyo, namwuliza waziwazi, kisha namfikisha kwa msaidizi wa kisaikolojia kwenye kituo cha afya. Sharti la siri halifuniki hayo, na wote nawaambia hivyo tangu kikao cha kwanza.