Fainali ya dabo usiku wa Sabasaba

Baa ya klabu yetu ya tenisi ilijaa Sabasaba ile ya 2012 kwa sababu ya Serena Williams, aliyekuwa kwenye fainali ya wanawake ya Wimbledon, mashindano makubwa ya tenisi kule Uingereza. Nalisema mapema, maana shemeji yangu hadi leo anasimulia kana kwamba Mwanza nzima ilipanda Capri Point, ilipo klabu, kutazama fainali ya dabo ya wanaume, yaani ya wawili kwa wawili. Nani alikuwa na habari na dabo? Serena alimfunga Agnieszka Radwańska 6-1, 5-7, 6-2, watu wakapiga kelele, wakalipa bia zao, wakatawanyika. Tukabaki mimi, shemeji, Mzee aliyewahi kuwa mtunza viwanja, na vijana wachache waliokuwa wakimnyemelea dada wa kaunta awawekee muziki.

Shemeji alikuwa amenuna. Asubuhi hiyo tulikuwa tumetolewa mapema kwenye bonanza la klabu, na tulipokuwa tunakunja mifuko aliniambia, "Shem, dabo basi. Mimi nakwenda singo, mtu mmoja kwa mmoja. Huku mtu anabeba makosa ya mwenzake." Sikumjibu. Ni kaka wa mke wangu, na maneno ya uwanjani yana namna ya kufika nyumbani kabla yako.

Wimbledon wakaanza. Upande mmoja alikuwa Robert Lindstedt wa Sweden na Horia Tecău wa Romania. Hawa walifika fainali 2010 wakafungwa, wakarudi 2011 wakafungwa tena. Ng'ambo ya wavu alikuwa Jonathan Marray wa Uingereza na Frederik Nielsen wa Denmark, ambao viwango vyao havikutosha hata kuwaingiza kwenye mashindano. Waandaaji waliwapa waildikadi, yaani nafasi ya hisani. Halafu hao wa hisani wakawatoa mapacha Bob na Mike Bryan, mabingwa watetezi, kwenye nusu fainali. Nielsen babu yake, Kurt Nielsen, alicheza fainali ya singo hapo hapo Wimbledon 1953 na 1955, akapoteza zote mbili.

Shemeji akachagua upande haraka: Tecău. Ni mtu wa mkono wa kushoto, kama yeye. Na kweli, sevu ya mtu wa shoto, ule mpira wa kuanzisha, ni balaa, inakukimbia upande ambao hukuuzoea. Kwenye viwanja vyetu vya saruji, alasiri upepo unapotoka ziwani, sevu ya shemeji ilikuwa inapinda hadi anayepokea anajikuta karibu na uzio.

Mzee aliingia kwenye mazungumzo seti ya kwanza ilipokwisha. Tecău na mwenzake walikuwa wameichukua 6-4 na shemeji ameanza kuchangamka, ameagiza sato wa kukaanga.

"Vijana, mnaangalia mpira," Mzee alisema. "Mwacheni mpira. Mwangalieni huyu wa mbele."

Tukamwangalia. Mwenzako anaposevu, wewe wa wavuni unaweka mkono nyuma ya mgongo na kumwonyesha kwa vidole: navuka, au nabaki. Anayepokea haoni vidole, anaona tu mtu anatikisika mbele yake. Akiogopa kwamba utavuka, anaubana mpira pembeni, na mara nyingi unatoka. Alama imepatikana na wewe hujagusa kitu. Nilikuwa nimecheza dabo miaka mingi bila mtu kuniambia hivyo. Tulichofundishwa sisi ni kusimama mbele na kuinamisha kichwa usipigwe kisogoni na sevu ya mwenzako.

Seti ya pili ikaenda kwa Marray na Nielsen 6-4, ya tatu wakaichukua kwa taibreki, ile gemu moja ya kuamua seti iliyofungana 6-6. Shemeji akaacha kula. Ya nne nayo ikafika taibreki, na hapo umeme ukakatika.

Jenereta lilikuwepo, petroli haikuwepo. Kijana mmoja akatumwa na kidumu kwa bodaboda. Sisi tukakaa gizani, wadudu wa ziwani wakihamia kwenye mwanga wa simu zetu, hadi nikakumbuka kumpigia mdogo wangu Dar, ambaye kwa mwenye nyumba wake kulikuwa na dishi. Tenisi haijui kabisa.

"Wameshinda wale wenye nguo nyeupe," akasema.

"Wote wamevaa nyeupe! Wimbledon kila mtu anavaa nyeupe!"

"Basi wale warefu."

Shemeji akaninyang'anya simu. Baada ya maelezo mengi na salamu za kutosha kwa mwenye nyumba, tukaelewa kwamba Lindstedt na Tecău wameichukua taibreki 7-5. Seti mbili kwa mbili, imebaki ya tano ya kuamua. Shemeji akapiga meza, sahani ya sato ikaruka.

Jenereta lilipowaka, seti ya tano ilikuwa imeanza na paa la uwanja limefungwa, taa zinawaka kule kama kwetu. Zamani hizo seti ya tano ya Wimbledon haikuwa na taibreki. Mnacheza hadi mmoja azidi kwa gemu mbili, hata kukikucha. Mzee akamuuliza yule kijana alinunua lita ngapi. Kijana akasema pesa aliyopewa ilikuwa ndogo.

Petroli ilitosha. Marray na Nielsen walimaliza 6-3, wakawa jozi ya kwanza ya waildikadi kutwaa dabo ya wanaume pale. Mwingereza hakuwa amelitwaa kombe hilo tangu Pat Hughes na Raymond Tuckey, 1936. "Thelathini na sita!" Mzee akasema. "Hata baba yangu alikuwa hajaoa." Shemeji alilipa bili yote bila kuombwa, jambo ambalo silisahau, akaondoka na neno moja tu: "Mara ya tatu."

Akaenda singo kweli. Mwaka uliofuata Marray na Nielsen hawakucheza pamoja kutetea ubingwa wao, na shemeji alinipigia kunijulisha. Lindstedt alipotwaa dabo ya Australian Open, mashindano makubwa ya Australia, 2014 na Łukasz Kubot, akapiga tena. Julai 2015 Tecău akashinda Wimbledon akiwa na Jean-Julien Rojer wa Uholanzi, na safari hii alikuja nyumbani mwenyewe.

"Umeona, shem? Waliachana, kila mtu akapata lake."

Wakati huo singo ilikuwa imemshinda, anacheza dabo na mwalimu mmoja wa Nyegezi. Mimi nilikuwa nacheza na Mzee. Walitufunga Jumamosi hiyo hiyo, na shemeji, kila nilipopokea, alikuwa anatikisika wavuni.