Zakayo hakuambiwa ajirekebishe kwanza

"Nikijiweka sawa nitarudi kanisani." Ninafundisha Kipaimara usharikani kwetu, na maneno haya nayasikia kwa wazazi kuliko kwa watoto. Baba anamleta mwanawe Jumamosi, anaishia getini. Ukimwuliza mbona ibadani haonekani, anainamisha kichwa: bado anakunywa, au anaishi na mwenzake bila ndoa. Anataka ayamalize mwenyewe, ndipo amwendee Mungu akiwa safi.

Angalau yeye anaiona dhambi yake, kuliko sisi wa viti vya mbele tunaoiona ya jirani tu. Lakini anachokipanga hakiwezekani. Paulo aliwaambia Waefeso kwamba walikuwa wafu kwa sababu ya makosa na dhambi zao. Wafu, si wagonjwa. Na maiti haijioshi.

Isome tena Luka 19. Zakayo ni mkuu wa watoza ushuru, tajiri, yuko juu ya mkuyu pale Yeriko. Yesu hamdai hesabu yoyote. "Zakayo, shuka upesi, kwa kuwa leo imenipasa kushinda nyumbani mwako." Umati unanung'unika. Ni baada ya kupokewa ndipo anasimama na kutoa nusu ya mali yake kwa maskini, na kuahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Torati ilimtaka mtu aliyeungama dhuluma arudishe alichochukua na sehemu ya tano juu yake. Zakayo amepita hapo mbali sana, bila kushurutishwa.

Marehemu bibi yangu wa Bukoba alikuwa mlokole, tunda la uamsho ule uliowaka Gahini, Rwanda, na Uganda miaka ya 1930 ukavuka hadi kwetu. Alipookoka alijitwika mkungu wa ndizi akampelekea jirani ambaye yeye bibi aliwahi kumwibia shambani. Hakuupeleka ili asamehewe. Alisema alikuwa ameshasamehewa, ndiyo maana miguu ilipata nguvu ya kwenda.

Vijana wangu wakisikia hivyo huuliza: basi tutende dhambi, neema si ipo? Swali lao lina umri wa Warumi 6, na Paulo alilijibu kwa neno moja: Hasha! Aliyefufuliwa anatafuta nini tena kaburini?

Linaloniuma ni sisi wazee na walimu. Katekisimu Ndogo ya Luther, kitabu kifupi cha mafundisho ya imani cha mwaka 1529, inatufundisha kukiri kwamba kwa akili na nguvu zetu hatuwezi kumwamini Kristo wala kumjia, bali Roho Mtakatifu ndiye anayetuita. Watoto tunawakaririsha. Kisha siku ya kurudi kundini, yaani ya kuwapokea tena waliotengwa kwa dhambi, binti aliyezaa nje ya ndoa anasimamishwa mbele peke yake, kichanga mgongoni, na aliyempa mimba yuko kwaya, sauti ya nne. Nimeliona kwa macho yangu. Sipingi nidhamu ya kanisa. Napinga nidhamu inayochagua mtu, maana aliye getini anatutazama na kuhitimisha kwamba humu wanaingia waliofaulu.

Nimeliomba baraza la wazee mambo mawili: wote wawili wasimame, na sala ya toba siku hiyo tuipige magoti usharika mzima, mchungaji akiwa wa kwanza. Ombi hilo halijajadiliwa bado. Nitalipeleka tena kikao kijacho.