Ndoo ya Mayai Kutoka Maziwe

Safari ya Maziwe, kwenda kuona mayai ya kasa yakihamishwa, hupangwa kwa kuangalia mwezi. Siku tuliyokwenda mwezi ulikuwa wa siku kumi na mbili, kwa hiyo maji yalijaa kama saa nane usiku na kupwa kama saa mbili asubuhi. Siku tatu nne mbele bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, lingekolea, na maji yakijaa usingekuta pa kukanyaga.

Kisiwa tunakiita kwa mazoea. Maziwe ni hifadhi ya bahari iliyo mbele ya kijiji cha Ushongo, kusini ya mji wa Pangani, na kilichobaki juu ya maji ni fungu la mchanga mweupe lililozungukwa na matumbawe. Zamani lilikuwa na mivinje. Bahari ikala ufuo, miti ikaanguka, na kufikia miaka ya 1980 hakukuwa na hata mmoja. Kabla ya hapo Maziwe ilisifika kuwa pahali pakubwa pa kasa kutaga, na kasa hawajaacha kuja, maana jike hurudi kutaga kwenye eneo alikozaliwa, naye hukomaa baada ya miaka 20 na zaidi. Anarudi kwenye fungu lile lile, ila sasa bamvua hulipita kwa juu. Yai la kasa linapumua kupitia ganda. Likikaa ndani ya maji ya bahari, kilichomo hufa. Ndiyo maana viota vya Maziwe huhamishiwa ufuo wa Ushongo, na kazi hiyo ndiyo tuliyokwenda kuiona.

Tulitoka Tanga mjini jana yake kwa barabara ya Kigombe, tukavuka mto Pangani kwa kivuko hadi Bweni, tukalala Ushongo. Atakayefuata njia hiyo ahesabu muda wa kusubiri kivuko, abebe maji ya kutosha, kofia na nguo ya mikono mirefu, kwa sababu kule funguni hakuna kivuli wala kisima.

Boti iliondoka giza halijapasuka. Mzee anayelinda viota alikaa mbele na ndoo mbili za plastiki, futi ya kupimia, daftari na penseli. Jembe hakubeba.

Tulishuka yapata saa kumi na mbili, na mburuzo wa kasa ulikuwa wazi mchangani, mpana karibu mita 1. Alama za mapezi zililingana kulia na kushoto, kwa kuwa kasa wa kawaida hujivuta kwa mapezi yote mawili ya mbele kwa pamoja. Ng'amba, kasa wa aina nyingine, huyapishanisha, na mburuzo wake ni mwembamba zaidi. Mzee aliinama akaonyesha kitu ambacho mimi ningekipita: mburuzo wa kupanda ulianzia karibu na mstari wa takataka zilizoachwa na maji, na wa kushuka uliendelea mita kadhaa chini yake.

"Kapanda maji yamejaa, kashuka yameshaanza kupwa," alisema. "Masaa manne hayajatimia. Tufanye upesi, lakini msikimbie."

Haraka ile ina sababu. Yai likishatagwa, kiini cha mtoto hupanda juu ya ute wa njano na utando wake hugandamana na ganda upande wa juu. Ndani ya saa 6 za mwanzo unaweza kulihamisha kwa uangalifu. Ukichelewa kisha ukaligeuza, utando unachanika na mtoto anakufa, na kwa nje yai linabaki vile vile, hutajua mpaka siku ya kufukua.

Wapo wanaotafuta kiota kwa kuchoma mchanga na kijiti. Mzee hakubali. Kijiti kikitoboa yai moja, ute unaomwagika huita kaa na wadudu, uozo ukashika na mengine. Alipapasa kwa kiganja mpaka akapata pahali ambapo mchanga ulikuwa umelegea, akachimba kwa vidole. Yai la kwanza lilitokea jeupe, la mviringo, kipenyo kama sentimita 4 na nusu, ganda laini linalobonyea kidogo. Alilishika kwa vidole vitatu, akalitoa bila kulizungusha, akalilaza kwenye ndoo iliyotandikwa mchanga mbichi wa shimo lile lile. Kila yai lilikwenda hivyo, upande wa juu ukibaki juu. Mimi niliandika hesabu: 118. Shimo likapimwa, sentimita 68 hadi chini, na chumba cha chini kilikuwa kipana kuliko shingo. Juu ya mayai akaweka mchanga mbichi na kitambaa chenye unyevu, jua lisiyapige.

"Mzee, nikushikie ndoo?"

"Shika, mwanangu, lakini ipakate. Ukiiweka chini, injini itayatikisa."

Nahodha alikwenda polepole, akiyakata mawimbi kwa mshazari. Tulifika Ushongo muda ungali unaruhusu.

Shimo jipya linataka kufanana na la mama: kina kile kile, shingo nyembamba, chini pana. Lichimbwe juu ya alama ya maji ya bamvua, na mchanga uwe na unyevu, la sivyo kuta zinaporomoka. Ukifukia kwa mchanga mkavu, huo unachuruzika katikati ya mayai na kuziba hewa. Mzee alifukia kwa mchanga mbichi, akaugandamiza kwa kiganja tu, akazungushia waya kwa ajili ya mbwa na kenge, akaandika tarehe na idadi kwenye kibao.

Kivuli pia kinahesabiwa. Joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia: likizidi kama nyuzi 29 wanatoka majike wengi, likipungua wanatoka madume wengi. Kwa hiyo viota vyote visipangwe chini ya mti mmoja, wala vyote juani. Naliona jambo hili linapuuzwa na watu wenye nia njema, wanaodhani kivuli ni huruma.

Siku ya 57 mchanga ulibonyea, na jua lilipozama wakatoka. Watazamaji walisimama nyuma ya kiota, hakuna tochi wala simu iliyowashwa, kwa kuwa watoto hufuata mwanga wa upeo wa bahari na taa yoyote huwapoteza. Hakuna aliyewabeba.

Baada ya siku mbili mzee alifukua kiota na kuhesabu. Watoto 101 walikuwa wameshatoka. Mayai 9 hayakuwa na dalili ya mtoto, 5 yalikuwa na watoto waliofia ndani. Watatu walikuwa hai chini kabisa, wamenaswa na mzizi wa majani ya ufukweni ulioingia shimoni wakati mayai yangali mchangani. Aliukata mzizi kwa kisu, akawaweka mchangani wajiendee wenyewe, kisha akachora mstari kwa kisigino mita 2 mbele ya majani. Viota vilivyofuata vilichimbwa upande wa bahari wa mstari ule, juu ya alama ya bamvua.