Mbwa wa jirani alimng'ata mwanangu, hivi ndivyo nilivyolipwa gharama

Mtoto alikuwa anatoka dukani, mbwa akamng'ata mguuni. Kabla ya kugombana na mtu, niliosha jeraha kwa sabuni na maji ya bomba dakika 15 nzima, maana kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba. Nikapita polisi kuchukua PF3 (fomu ya polisi ya kumpeleka aliyejeruhiwa hospitali), kisha hospitali: chanjo siku ileile, ya 3, ya 7, na kuendelea. Kila risiti nilitunza, hata ya bodaboda.

Jirani alikana: "Mbwa wangu hatoki getini." Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa na picha, risiti na mashahidi wawili. Tukaandikishana mbele yake: alipe gharama zote kwa awamu mbili, mbwa achanjwe, mchana afungiwe bandani.

Amemaliza kulipa. Mwanangu bado anashtuka akisikia mbwa akibweka, na hilo linaniuma kuliko pesa.