Nilivyokopa kujenga madarasa kwa kalenda ya ada

Shule yangu ya msingi iko pembezoni mwa Kahama. Wazazi wengi ni wakulima wa mpunga, wachimbaji wadogo na akina mama wa sokoni. Wanaosubiri mshahara wa mwisho wa mwezi ni wachache. Mkopo wangu wote ulikuja kuamuliwa na hilo.

Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, wenye shule binafsi tuliingiwa hofu. Kweli, baadhi ya wazazi walihamisha watoto. Lakini madarasa ya serikali yalifurika, na ruzuku yenyewe ni shilingi 10,000 kwa mtoto wa msingi kwa mwaka, kwa hiyo haikuchukua muda wazazi walewale wakaanza kurudi kuulizia nafasi. Nafasi sina. Kiwango ni wanafunzi 45 kwa darasa, tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na mdhibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule wa serikali, akifika huhesabu mlango kwa mlango.

Ikabidi nikope nijenge. Benki ya kwanza ilinipa jedwali la marejesho ya kila mwezi. Hilo ni jedwali la mwenye duka. Mimi napokea ada kwa awamu nne: Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Desemba haiingii hata senti, na walimu wanataka mshahara wao kama kawaida.

Nikaenda benki nyingine na daftari la ada, lile kubwa la jalada gumu: jina la mtoto kushoto, kisha kila malipo na namba ya stakabadhi, mpaka ya mama anayeleta elfu ishirini ishirini. Afisa mikopo, dada mmoja mtulivu, akachukua kikokotoo tukajumlisha mwezi kwa mwezi. Januari ilikuwa nzito, Julai nzito zaidi kwa sababu mpunga umeshauzwa, Machi pakavu kabisa. Akacheka: "Mwalimu, huu si mkopo wa biashara, huu ni wa kilimo." Akaniingiza kwa bosi wake anayeshughulikia wakulima. Tukakubaliana nirejeshe mara nne kwa mwaka, wiki chache baada ya kila awamu. Riba ilipanda kidogo, nikaikubali.

Dhamana ndiyo iliyotusumbua. Hati ya kiwanja cha shule hawakuipenda, na nawaelewa: nani atapiga mnada jengo lenye watoto ndani? Ikabidi nitoe hati ya nyumba, na hapo sheria inataka ridhaa ya mwenza kwa maandishi. Mazungumzo ya nyumbani yalikuwa marefu kuliko ya benki. Mke wangu alisaini kwa sharti moja, kwamba daftari la ada alishike yeye. Tangu hapo madeni ya ada yamepungua, maana mimi nilikuwa naona aibu kudai.

Fedha zilitolewa kwa hatua: msingi, lenta, paa. Wenzangu walinishauri ninunue kwanza gari la shule, eti ndilo linalovuta wazazi. Gari linakula mafuta na matairi kila siku. Darasa likishaezekwa linakaa linaingiza.

Kuna wanaosema tungoje ubia na serikali. Sheria ya Ubia kati ya serikali na sekta binafsi tunayo tangu 2010, lakini shule ndogo kama yangu sijaona ikifikiwa. Uganda walijaribu kwa upande wa sekondari: kuanzia 2007 serikali iliingia ubia na shule binafsi, ikilipa shilingi 47,000 za kule kwa mwanafunzi kila muhula. Watoto wengi wa vijijini walisoma kwa mpango ule, na mimi naupenda. Ila 2018 ikaamuliwa usitishwe hatua kwa hatua, na aliyekuwa amejenga akitegemea hela hiyo alibaki na majengo na deni. Serikali yetu ikija na mpango wa namna hiyo nitapokea watoto kwa mikono miwili. Marejesho ya benki nitaendelea kuyapigia hesabu kwa ada ya wazazi peke yake.